Maswali ya Wasomaji: Kijana anajituma, wastani wake ni 0.231. Tumwekee uzito gani?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Louisville, Kentucky, mwaka wa kumi na nne sasa. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Kijana wangu ana miaka 16 na anachezea timu ya besiboli ya shule yake. Analinda besi ya pili (besi ni vituo ambavyo wachezaji huvikimbilia) na kwenye orodha ya wapigaji yuko wa tisa, yaani wa mwisho. Mwili mdogo. Wastani wake wa kupiga msimu huu ni 0.231.

Lakini Mwalimu, ungemwona! Mrushaji akimpa besi kwa boli nne, yaani kwa mirusho minne mibaya, wenzake hutembea. Yeye huchomoka mbio. Mpira ukitupwa vibaya upande mwingine wa uwanja, yeye keshafika nyuma yake. Suruali yake mama yake anaifua mara mbili ndiyo ule udongo mwekundu utoke. Timu ikilala, sauti inayosikika ni yake.

Shemeji yangu, ambaye amesomea mahesabu, ananiambia, "Jasho haliandikwi kwenye ubao." Kuna mwenzake anapiga 0.310, anajikokota tu uwanjani, na nasikia ndiye atakayepewa nafasi moja iliyobaki kwenye timu ya kiangazi. Je, kujituma kunaweza kuzidi takwimu ndogo? Na nikamwone kocha? Daftari la alama naliandika mwenyewe kila mchezo, la timu nzima. Nimekupigia picha kurasa zote.

Baba wa Namba Tisa, Louisville

JIBU

Marahaba, baba. Ungeniletea barua tupu ningekujibu kwa maneno matamu, na pengine yangekudhuru. Umeniletea daftari. Nimekaa nalo jioni tatu hapa St. Louis, kalamu mkononi, na nataka tuhesabu pamoja.

Tuanze na hiyo 0.231. Mwanao amehesabiwa zamu 52 za kupiga, akapata hiti 12, yaani kupiga mpira na kufika besi salama. Gawanya, ndiyo hiyo. Lakini angalia yasiyoingia humo. Amepewa besi kwa boli nne mara sita. Amepigwa na mpira mara nne, na nyote mnajua mtu hapigwi mara nne kwa bahati. Anasimama karibu na hakwepi. Hayo kumi hayamo kwenye wastani wa kupiga. Ukiyaingiza, amefika besi mara 22 kati ya 62, ambayo ni 0.355. Hiyo ni takwimu halali, ina jina na ina heshima, na shemeji yako anaijua. Mwulize kwa nini hakuitaja.

Sasa kuna yale ambayo hata hiyo 0.355 haiyaoni. Mchezo wako wa nne, iningi, yaani awamu ya mchezo, ya sita. Umeandika herufi ya straiki tatu, yaani mirusho mitatu mizuri aliyoikosa, maana yake ametoka. Halafu pembeni, kwa kalamu nyekundu, umeandika "kakimbia!" Nimeitazama sana hiyo alama ya mshangao. Straiki ya tatu mdakaji hakuidaka, ikampita, na besi ya kwanza ilikuwa wazi. Kanuni inamruhusu mpigaji akimbie. Watoto wengi hapo huinamisha kichwa na kurudi benchi wakiburuza gongo. Mwanao aligeuka, akakimbia, akafika. Kitabu kinasema alishindwa. Besi inasema yuko juu yake. Amefanya hivyo mara mbili msimu huu.

Na mara tano amefika kwa makosa ya walinzi. Hapa nimekuwa mkali kidogo. Mbili kati ya hizo tano, kwa jinsi ulivyochora, mpira ulipita katikati ya miguu ya mlinzi. Hata mimi na magoti yangu ningefika. Hizo sizihesabu. Tatu zilizobaki ni mpira wa kawaida kwa shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, akaudaka vizuri, akatupa vibaya. Kwa nini alitupa vibaya? Kwa sababu aliinua macho akaona mtu keshakaribia besi. Mkono wa mtoto wa miaka 16 ukiharakishwa hutupa juu. Hizo tatu ni za miguu ya mwanao, na kitabu kinaziandika kama zamu alizoshindwa.

Kwa hiyo 22, jumlisha tatu, jumlisha mbili. Mara 27 kati ya 62. Hiyo ni 0.435.

Nataka uelewe kwa nini kwa umri huu jambo hili lina uzito mkubwa. Kwenye ligi kuu ya Marekani, kati ya nafasi 1,000 za kumtoa mtu, walinzi huharibu kama 15 tu. Ukikimbia kufa na kupona kwenye mpira wa kawaida, watakutoa vilevile, labda kwa nusu hatua. Kwenye uwanja wa shule, wenye nyasi za mabonde na watoto wanaoogopa kukosea mbele ya wasichana, makosa ni sehemu ya kila iningi. Anayekimbia kila mpira anayavuna. Anayejikokota anayaacha yaoze. Ndiyo maana nasema kujituma kuna bei kubwa zaidi Louisville kuliko Yankee Stadium, uwanja wa Yankees wa ligi kuu.

Ingawa hata Yankee Stadium. Tarehe 30 Oktoba 2024, mchezo wa tano wa fainali ya ligi kuu, Yankees wanaongoza Dodgers 5-0, iningi ya tano. Aaron Judge wa Yankees ameangusha mpira ambao angeudaka hata usingizini, mwenzake Anthony Volpe akatupa vibaya kwenye besi ya tatu, besi zikajaa. Mrushaji wao Gerrit Cole akawatoa wawili mfululizo kwa straiki. Bado mmoja. Mookie Betts wa Dodgers akapiga kimpira kinyonge kuelekea besi ya kwanza, kwa Anthony Rizzo. Hapo kazi ya mrushaji, wanafundishwa tangu utotoni, ni kukimbia kwenda kuifunika besi ya kwanza apokee mpira pale. Cole alipiga hatua chache akasimama, akamwonyesha Rizzo kwa kidole kwamba amalize mwenyewe. Betts hakuwa amesimama. Betts alikuwa anakimbia. Alama moja ikaingia. Freddie Freeman akafuata na hiti ya alama mbili, Teoscar Hernández akafuata na nyingine ya mbili, ikawa 5-5. Dodgers walishinda 7-6 na ubingwa ukawa wao usiku uleule.

Sasa fungua kitabu cha usiku huo. Betts ameandikiwa hiti. Cole hakuandikiwa kosa lolote kwa kusimama. Zaidi ya hapo, kwa kuwa makosa ya wenzake yalitangulia, zile alama tano zote hazikuhesabiwa kwenye rekodi yake ya kurusha. Safi kabisa! Mtu anayesoma takwimu peke yake atadhani Cole hakufanya baya lolote iningi ile.

Najua utaniambia: basi shemeji kashindwa. Subiri kwanza, baba.

Daftari lako lina timu nzima, kwa hiyo nimemhesabu na yule wa 0.310. Zamu 58, hiti 18. Boli nne mara mbili, kupigwa na mpira hata mara moja hakuna, kosa la walinzi moja. Amefika besi mara 21 kati ya 60, sawa na 0.350. Mwanao amemwacha mbali hapo. Lakini kati ya hiti zake 18, saba ni za besi mbili. Mwanao ana hiti moja tu ya besi mbili msimu mzima; nyingine zote ni za besi moja. Huyo anayejikokota akigusa mpira, unakwenda hadi uzioni, na waliokuwa kwenye besi wanarudi nyumbani kufunga. Hiyo ni kazi nzito na haifai kudharauliwa kwa sababu suruali yake ni safi.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliandika kwa kalamu nyekundu. Mwanao ametolewa akiwa tayari yuko kwenye besi mara nne. Nne! Mara mbili kati ya hizo alitolewa akijaribu kuiba besi ya tatu, yaani kuikimbilia kabla mpira haujapigwa, kukiwa na auti mbili, yaani wenzake wawili wameshatolewa. Makocha wa hapa wana usemi wa zamani kwamba auti ya kwanza au ya tatu ya iningi usiifanyie besi ya tatu kamwe, na wana sababu. Ukiwa besi ya pili na auti mbili zimeshapita, hiti moja ya kawaida inakufikisha nyumbani. Besi ya tatu inakuongezea kidogo sana, na ukitolewa iningi imekufa. Auti moja ina gharama kubwa kuliko faida ya besi moja. Kwa hesabu zinazokubalika ligi kuu, mwizi wa besi anatakiwa afanikiwe kama mara saba kati ya kumi, ndipo timu isipate hasara.

Toa hizo nne kwenye 27. Unaona zinavyomla?

Nikijumlisha yote, kufika besi, urefu wa mipira, auti za kizembe na auti za pupa, vijana hawa wawili wanakaribiana sana. Huo ndio ukweli wangu. Kujituma kumemchukua mtoto wa 0.231 kukamweka bega kwa bega na mtoto wa 0.310. Kumeziba pengo lote. Hakujampitisha mbele bado, na kinachomzuia ni kujituma kulekule kukiwa hakuna breki.

Nikupe mtu wa kumwonyesha. Alicheza hapa kwetu, na Cardinals, klabu ya St. Louis. David Eckstein, shotistopu, kimo chake takriban mita 1.70, mkono dhaifu kiasi kwamba kila akitupa mpira besi ya kwanza alionekana kama anajitupa na yeye mwenyewe. Boston walimwacha mwaka 2000, klabu ya Angels ikamwokota. Alikuwa akipewa boli nne anakimbia kama mwanao. Mwaka 2006, mchezo wa nne wa fainali dhidi ya Detroit, mchezo uliosogezwa siku moja kwa mvua, nilikuwa sebuleni kwa rafiki yangu wa Bujumbura, watu kumi na mmoja na makochi mawili. Eckstein alipata hiti nne usiku ule, tatu za besi mbili. Ile ya mwisho, iningi ya nane, 4-4, Craig Monroe, mlinzi wa Detroit, alijirusha, mpira ukamgusa glovu ukaponyoka, Aaron Miles akafunga, 5-4. Yule rafiki yangu alimwinua mtoto wangu juu hadi akagonga taa. Mchezo uliofuata ukawa wa ubingwa, na Eckstein akatangazwa mchezaji bora wa fainali, akiwa amepiga hiti 8 katika zamu 22.

Kuanzia hapo watu wakagawanyika. Wako waliosema huyu ni moyo mtupu, takwimu hazimwelezi. Wengine walichukizwa na sifa hizo, wakasema ni mchezaji wa kawaida aliyependwa kwa ufupi wake. Mimi nilikwenda kuzitazama takwimu zenyewe. Mwaka 2002, Angels walipochukua ubingwa, Eckstein alipiga 0.293 na alifika besi kwa 0.363 wakati ligi yake ilikuwa kwenye 0.331 hivi. Alipigwa na mpira mara 27 msimu ule. Mara 27! Alifunga alama 107. Takwimu zilimweleza vizuri kabisa. Watu waliangalia homu rani zake 8, yaani mipira aliyoipiga hadi nje ya uzio, wakafunga kitabu. Kujituma kwake kulikuwa ndani ya namba siku zote, mstari wa pili na wa tatu wa ukurasa, ambako wavivu hawafiki. Lakini pia, baba, tazama 0.293. Alikuwa anapiga. Bila gongo lile, mbio zote zile zingeishia ligi ndogo.

Na kuhusu breki, nje ya Busch Stadium hapa kwetu kuna sanamu ya shaba ya mtu anayeteleza kwenye udongo. Ni Enos Slaughter. Oktoba 1946, mchezo wa saba wa fainali, Cardinals na Boston 3-3, iningi ya nane, auti mbili. Slaughter yuko besi ya kwanza. Harry Walker akapiga mpira kushoto-kati. Kwa hiti ya namna ile mkimbiaji hufika besi ya tatu akashukuru Mungu. Slaughter aliizunguka ya tatu bila kupunguza mwendo, akafika nyumbani, 4-3, na huo ukawa ubingwa. Watu huisimulia kama hadithi ya moyo. Mimi kila nikipita pale humweleza niliye naye jambo moja: Dom DiMaggio, mlinzi wa kati wa Boston, hodari kweli, alikuwa ameumia msuli muda mfupi kabla, na nafasi yake ilichukuliwa na Leon Culberson. Slaughter alilijua hilo kabla mpira haujapigwa. Alianza kukimbia mrushaji anaporusha. Alikuwa na hesabu kichwani. Mtu huyohuyo ana doa ambalo sitalificha: mwaka 1947 alimkanyaga Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu mwaka huohuo, mguuni kwa viatu vyenye meno pale besi ya kwanza, na ingawa alikana kwamba alikusudia, wengi hawakumwamini, na mimi ni mmojawao. Sanamu halisemi hivyo. Mbio zake za 1946 bado ni darasa.

Mwambie mwanao kabla kila mrushaji hajarusha ajiulize mambo matatu: auti ngapi, mlinzi gani ana mkono mzuri, na nikitolewa tunapoteza nini. Akiyajibu hayo, mbio zake ziwe zilezile. Hilo analirekebisha wiki hii. Nguvu za kupiga mpira hadi uzioni zitamchukua miaka miwili ya kula na kunyanyua vyuma, na azianze, kwa sababu kadiri atakavyopanda juu walinzi watakosea kidogo zaidi, na yale mavuno ya makosa yatapungua mwaka hadi mwaka. Bora ajue mapema.

Kuhusu kocha: usiende. Najua inauma. Aende mwenyewe, baada ya mazoezi, avue kofia, amwulize, "Kocha, nifanye nini ili nipate ile nafasi?" Asitaje jina la mwenzake. Daftari liwe kwenye gari. Kocha akiuliza, lipo, asipouliza, lisitoke. Na kama kocha ni mtu wa kusikiliza, kuna jambo moja angeweza kulidokeza bila kukosa adabu: mtu anayefika besi mara nyingi namna hii huwekwa mpigaji wa kwanza, ili yule mwenye mipira ya uzioni apige akiwa juu ya besi. Wanaweza kufaana, hawa vijana.

Nakueleza haya kwa sababu mwaka 2003 nilikuwa msaidizi wa kocha kwenye timu ya watoto wa miaka 12. Tulikuwa na mtoto wa namna hii, chini ya 0.200, mbio tupu. Mchezo wa kufunga msimu nilishauri tumkalishe, tumwingize mwenye gongo. Iningi ya mwisho mpira ulitupwa vibaya kwenda besi ya kwanza, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Yule mtoto angekuwa pale. Nilijua angekuwa pale, kwa sababu msimu mzima alikuwa pale, na katika msimu mzima sikuwahi kuandika popote. Alama mbili ziliingia. Nikamtazama benchini: alikuwa ameshasimama, mguu mmoja nje ya kamba, mwili umeelekea kule mpira ulikokwenda. Tangu siku ile daftari langu lina safu ya ziada, naita "nyuma ya mpira", na kila mchezaji akifika pale napiga kijistari, hata mpira usipopotea. Ongeza na wewe safu hiyo. Kwa daftari lako la sasa siwezi kukuambia ulinzi wa mwanao una thamani gani, na huenda ndio ungetoa jibu kati yake na mwenzake.

SWALI

Mwalimu, habari za huko. Mimi ni mchezaji hapa Kampala. Tulikua tukisimuliwa timu ya Lugazi, ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport mwaka 2012, na sasa tunatazama video za Dennis Kasumba akijinoa kwa matairi. Kaka yangu anasema Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza ligi kuu, alipewa nafasi kwa hadithi yake tu, maana takwimu zake ni ndogo. Ni kweli?

Mlinzi wa Tatu, Kampala

JIBU

Si kweli, ndugu yangu, na mwambie kaka yako kwa upole.

Ngoepe alikulia kwenye jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi wa usafi. Pirates, klabu ya ligi kuu ya Pittsburgh, walimsajili mwaka 2008. Alifika ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017. Katikati hapo kuna misimu ya mabasi na hoteli za bei rahisi, mwaka baada ya mwaka, kwenye ligi ndogo. Hakuna klabu inayomlisha mtu miaka yote hiyo kwa ajili ya hadithi. Walimlisha kwa ajili ya glovu. Alikuwa anadaka mipira ya chini kama mtu anayeokota embe kwake.

Zamu yake ya kwanza kabisa, dhidi ya Jon Lester wa Cubs, waliokuwa mabingwa watetezi, alipata hiti. Niliitazama nikiwa nimesimama. Msimu ule alicheza michezo 28 akapiga 0.222, mwaka uliofuata Toronto mambo yakawa magumu zaidi, na huko ligi kuu hakurudi tena. Kaka yako anazisoma namba hizo kama ushahidi kwamba hakustahili kuingia. Mimi nazisoma hivi: kujituma na glovu vilimfungulia mlango, na gongo halikuweza kuushikilia ukae wazi. Warushaji wa ligi kuu hutafuta mpira usioweza kuupiga, wakiupata wanakurushia huohuo hadi uondoke.

Wewe unacheza besi ya tatu. Matairi ni mazuri, yanajenga kiuno na mapaja. Lakini tafuta mtu wa kukurushia mipira inayopinda hewani kila siku, hata kama ni mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe upande mmoja, unapinda vizuri. Piga mia moja. Andika ngapi umegusa.

SWALI

Mwalimu, kijana wangu anajirusha kwa kifua kwenye besi ya kwanza, na watu wanampigia makofi. Amekwishateguka kidole. Anasema ndivyo anavyofika haraka. Niseme nini?

Mama wa Minneapolis

JIBU

Mama, pole. Mwambie apite besi akiwa amesimama. Kanuni inamruhusu kuipita ya kwanza bila kutolewa, ndiyo maana hana sababu ya kushuka chini. Anayejirusha hukwaruza udongo na udongo humpunguzia mwendo, na vidole vinatangulia mbele ya kiatu cha mlinzi. Kujirusha kuna maana mara moja tu hapo: mlinzi akiwa amevutwa nje ya besi na mtupo mbaya na anataka kumgusa kwa glovu.

Kama haamini, chukua saa ya simu yako. Kutoka kwa mpigaji hadi besi ya kwanza ni mita 27.4. Akimbie mara tano akipita, halafu apumzike vizuri, akimbie tano akijirusha, kwenye nyasi na si kwenye udongo, na kidole kikiwa kimepona. Namba aziandike yeye mwenyewe kwa mkono wake.